«i5» mbili, jua moja: kompyuta gani inalipa Kibua?

Katika maduka ya Goma yanayouzisha kompyuta za okazyo, kuna neno moja linalouza kuliko mengine yote: «i5». Mteja anaingia, anauliza bei, jibu linakuja mbio: «Papa, hii iko i5, iko na nguvu, chukua tu.» Kwa mtu wa mjini ambaye nyumba yake inapata umeme wa SNEL au wa Virunga, pengine neno hilo linatosha. Kwa yule anayetaka kufungua nyumba ya kuchapa na fotokopi huko Kibua, kwenye barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale, halitoshi.

Kibua hakuna waya wa SNEL. Barua ya chifu, matokeo ya wanafunzi, ripoti ya mwezi ya kituo cha afya, vyote vinachapwa kwa nguvu ya jua au kwa esansi ya jenereta. Huko mashini inalipiwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili kila siku kwenye betri. Malipo hayo ya pili njo watu wengi wanasahau kuhesabu.

Ili hesabu ieleweke, tuweke mezani kompyuta mbili ambazo ni kawaida sana katika biashara ya okazyo duniani. Zote mbili zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, na zote mbili zinaitwa «i5».

Mashini zenyewe

Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, sanduku kubwa linalosimama kama mnara. Ilitoka mwaka 2012. Nyingi zina prosesa ya Intel Core i5-3470: ubongo wa viini 4, mwendo wa gigahezi 3.2, na inapokazwa inafika 3.6.

Ya pili ni Lenovo ThinkCentre M93p Tiny, ya mwaka 2013. Hii ni kisanduku chembamba, ukubwa wake kama kitabu kinene. Nyingi zina prosesa ya Core i5-4570T: viini 2 tu, lakini kila kiini kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwendo wake ni gigahezi 2.9, na inapokazwa nayo inafika 3.6.

Muuzaji anaweza kusema kweli tupu: zote ni i5, zote zinafika 3.6. Lakini herufi ndogo ya mwisho, ile «T», inabadilisha mambo. Kwa Intel, T ni alama ya prosesa iliyopunguziwa ulaji wa umeme. Kipimo cha joto ambacho Intel inaandika kwa i5-3470 ni wati 77. Kwa i5-4570T ni wati 35. Tofauti hiyo haionekani kwenye kibandiko cha mbele.

Gani iko mbio?

Inategemea kazi. Kuna kazi ambazo kompyuta inazifanya kwa kiini kimoja: kufungua Word, kuandika, kupanga jedwali la pointi za wanafunzi, kufungua ukurasa mmoja wa intaneti. Hapo mashini hizi mbili ziko karibu sawa. Tiny ni ya kizazi cha 4 na mnara ni wa kizazi cha 3, kwa hiyo kiini kimoja cha Tiny hakiachwi nyuma. Mwenye kuchapa barua hawezi kujua anatumia ipi.

Kuna kazi nyingine zinazogawanywa kwa viini vyote: kubadilisha video ya arusi iingie kwenye simu, kubana mafaili mengi, kufungua programu nzito tatu kwa wakati mmoja. Hapo mnara wenye viini 4 unashinda waziwazi. Video inayochukua nusu saa kwenye Tiny, mnara unaweza kuimaliza kwa dakika kama 20 hivi.

Lakini kitu ambacho mteja anakiita «mbio» mara nyingi hakitoki kwenye prosesa. Kinatoka kwenye diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta faili, kama mtu anayetafuta karatasi katika rafu ndefu. Kila kutafuta kunachukua zaidi ya sehemu 10 za elfu ya sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka. Inafika kwenye faili mara nyingi zaidi ya hapo kwa kasi, na inasoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, wakati diski ya zamani inasoma kama 100 au 150.

Hii ina maana gani kwa mnunuzi? Mnara wa i5 wenye diski ya kuzunguka unaweza kukalisha mteja dakika mbili akingojea Windows ifunguke. Tiny ile «dhaifu», ikiwekewa SSD, iko tayari kabla mteja hajamaliza salamu. Kinyume chake pia ni kweli. Mtu akiwa na makuta kidogo ya kuongeza, asiyatumie kutafuta prosesa kubwa zaidi. Anunue SSD, na ahakikishe memori haipungui gigabaiti 8. Mashini zote mbili zinakubali SSD ya kawaida ya SATA.

Hesabu ya jua

Sasa tufike penye maumivu. Wati 77 na 35 ni kipimo cha prosesa inapokazwa, si ulaji wa kila dakika. Katika kazi ya kuchapa, mnara mzima unakula kama wati 50 hivi, na Tiny kama wati 20. Ongeza skrini ya wati 20 kwa kila moja. Mnara unafika wati 70, Tiny wati 40.

Tuseme nyumba inafanya kazi saa 6 kwa siku. Mnara: 70 mara 6 ni wati-saa 420. Tiny: 40 mara 6 ni 240. Lakini konvertisere, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa volti 220, nacho kinakula sehemu yake, tuseme 15 kwa 100. Kwa hiyo kutoka kwenye betri mnara unachukua karibu 490, na Tiny karibu 280.

Upande wa mapato ya jua: mwenye pano mbili za wati 100, akipata saa 4 za jua zuri na kupoteza 30 kwa 100 kwenye waya, joto na betri, anabaki na wati-saa 560 kwa siku. Ukitoa za mnara, zinabaki kama 70. Ukitoa za Tiny, zinabaki 280.

Simu moja ya kawaida inataka karibu wati-saa 20 kujaa. Mwenye mnara, baada ya kazi, anaweza kuchajisha simu 3. Mwenye Tiny anachajisha 13 au 14. Kila mtu wa kijiji anajua kwamba kuchajisha simu ni biashara. Kama simu moja inalipiwa franka 500, hizo simu 10 za tofauti ni franka 5.000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni franka 125.000. Hapo tofauti ya bei ya dukani, hata kama Tiny ilikuwa ghali kidogo, inaanza kufutika.

Na si kila siku jua linatoka. Ukanda huu wa Masisi na Walikale una milima, pori na mvua nyingi. Siku ya mawingu, jua likitoa nusu tu, zinapatikana wati-saa 280. Mnara unafanya kazi saa tatu na nusu hivi, halafu betri inalia. Tiny inamaliza saa zake 6. Mwanafunzi aliyeleta kazi yake saa nane za mchana anakuta mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi.

Kuna wanaosema: «Nitaongeza pano.» Ni sawa, lakini pano ya tatu, betri ya pili na usafiri wake ni sehemu ya bei ya mnara. Viandikwe kwenye karatasi moja na bei ya kompyuta. Betri za asidi nazo hazipendi kukamuliwa mpaka mwisho. Ikishushwa chini ya nusu kila siku, betri inazeeka mbele ya wakati wake.

Printa isisahauliwe. Printa ya leza, inapopasha joto ili kuyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi, inavuta wati mia kadhaa kwa wakati mfupi, na konvertisere ndogo inaweza kuzima. Yeyote anayetumia jua apange kuchapisha karatasi nyingi saa za jua kali, si jioni.

Mzigo

Mnara una kilo karibu 9. Tiny ina kilo 1 na kidogo. Kwenye pikipiki, juu ya matope, tofauti hiyo inahesabika: mnara unataka kamba, povu na kiti chake, Tiny inaingia ndani ya begi, katikati ya nguo.

Barabara ya Sake kwenda Walikale imefungwa mara nyingi kwa sababu ya vita, na watu wa vijiji vyake wanajua kuondoka usiku ni kitu gani. Mtu anayekimbia na watoto hawezi kubeba mnara. Anaweza kubeba kisanduku cha kilo moja, na ndani yake kazi zote za wateja na mapato ya familia. Lakini mwenye busara hangojei siku hiyo: kila Jumamosi anakopi mafaili kwenye flashi na kuiweka fasi nyingine.

Mnara unafaa nani?

Mnara haukosi mahali pake. Wenye maji ya mto yanayozungusha mashini ya umeme ya kijiji, au jenereta ambayo kwa vyovyote inawaka mchana kutwa, hawahesabu wati moja moja. Kwa anayekata video za arusi na kwaya kila wiki, viini 4 vitamrudishia muda. Mnara una nafasi ya diski zaidi ya moja, na memori yake inaweza kufika gigabaiti 32. Ya Tiny inaishia 16. Fundi anaufungua kwa urahisi na kuingiza mikono yote miwili.

Tiny inatumia memori na diski za aina ya laptopu, na chaja yake ya volti 20 inafanana na za laptopu za Lenovo za miaka ile. Chaja ikiungua, mbadala unapatikana mahali zinapouzwa laptopu hizo.

Kabla ya kulipa

Zote mbili zina ugonjwa mmoja wa uzee. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 ya kawaida masahihisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha 3 na cha 4. Muuzaji akisema «iko na Windows 11», maana yake imeingizwa kwa njia ya pembeni. Njia iliyo wazi ni Linux, kama Ubuntu au Mint, pamoja na LibreOffice, ambavyo ni bure na vinaendeshwa vizuri na mashini hizi. Lakini printa ijaribiwe kwanza kabla ya kuhama.

Jina la nje pia lisimdanganye mtu. Mwaka 2023 Dell ilirudisha jina la OptiPlex 7010 kwa mashini mpya kabisa za kizazi cha 13. Anayelipa bei ya mpya ahakikishe hapewi ya 2012.

Mnunuzi aombe mashini iwashwe mbele yake, na afanye mambo manne. Afungue sehemu ya mfumo, asome jina lote la prosesa mpaka herufi ya mwisho. Aangalie memori ni ngapi na diski ni SSD au ya kuzunguka. Aizime, achomoe waya, angoje kidogo, aiwashe tena: kama saa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ndani, CR2032, imekufa, na hiyo ni sababu ya kupunguza bei. Mwisho, kama duka lina kipima-wati, akichomeke na asome namba wakati Word iko wazi.

Namba hiyo aizidishe kwa saa za kazi yake, ailinganishe na pano alizo nazo nyumbani, halafu ndiyo aanze kubishana bei.