Mbele ya kununua kinga, pima miguu yako

Mutu mumoja alifika ku dispensere yetu mara ine sababu ya maumivu nyuma ya magoti. Kazi yake ni kubeba mafuta ya mawese mupaka ku soko, kilometre 30 kwenda na 30 kurudi. Mara tatu tulimupa dawa ya maumivu, akaenda, akarudi. Mara ya ine, mutumishi wetu mumoja alisimama ku mulango na kumutazama akiondoka. Yeye ni mutu mufupi, na kinga yake ilikuwa ya mutu murefu. Kila wakati pedali iliposhuka, kiuno chake kiliangukia upande ule, sababu ni ncha za vidole tu zilizofika kule chini. Ugonjwa haukukuwa mu damu wala mu mifupa. Ulikuwa unamungojea inje, umeegemezwa ku ukuta.

Kinga ile aliinunua mupya, kwa pesa ya mavuno mawili. Mu soko yeye mwenyewe alisema kama iko juu sana, lakini muuzishaji akamujibu: "Utaizoea, ndugu."

Nyama ya muguu inaweza kuzoea kazi. Goti halizoei kunyooshwa ao kukunjwa vibaya. Tufanye hesabu kidogo: mutu anayeendesha bila haraka anazungusha pedali karibu mara 60 kwa dakika moja, maana yake mara 3 600 kwa saa moja. Kosa la santimetre mbili tatu linaonekana kuwa kitu kidogo, lakini goti linalilipa mara 3 600 kila saa.

Kosa la kwanza linaanza ku namba. Watu wanafika ku soko na kuuliza: "Iko 28?" Ile 28 si kipimo cha mutu. Ni upana wa gurudumu pamoja na mupira wake, inchi 28, karibu santimetre 71. Kile unachopaswa kuuliza ni urefu wa kadre, ndiyo vile vyuma vinavyoshika kinga yote. Unaipima kutoka katikati ya ekseli ya pedali mupaka pahali chuma cha kiti kinaingilia. Kadre ya inchi 22 (karibu santimetre 56) na kadre ya inchi 24 (karibu santimetre 61) zinaweza kuvaa magurudumu sawasawa ya 28. Ukizitazama kwa mbali ni mapacha. Lakini moja ni yako, ingine ni ya shemeji yako murefu.

Basi, mbele ya kutoa franka hata moja, fanya hivi. Vaa viatu vyako vya kila siku. Simama juu ya kinga, muguu mumoja huku, mwingine kule, nyayo zote mbili zikikaa chini kabisa. Kati ya chuma cha juu cha kadre na mwili wako kunapaswa kuwa nafasi ya vidole viwili kwa uchache. Kama utabeba muzigo, ao kama njia yako ni ya matope na mashimo, tafuta nafasi ya vidole vine. Ukikosa nafasi ile, siku kinga itasimama gafula utaangukia chuma pale pabaya. Wanaume wanaelewa.

Kisha keti. Rafiki ashike kinga nyuma. Pedali moja ikiwa chini kabisa, weka kisigino juu yake: muguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha sasa na sehemu ya mbele ya wayo, goti litabakia limekunjwa kidogo, na ni vile tunataka. Kama kisigino hakifike hata kiti kikiwa kimeshushwa mupaka mwisho, kadre ni kubwa, na hakuna fundi atakayeipunguza. Muambie muuzishaji asante, uende.

Mwenye kuwa na metre ya mushoni anaweza kupima vizuri zaidi. Simama bila viatu, mugongo ku ukuta, bana kitabu kati ya miguu mupaka juu kabisa, mutoto apime kutoka kitabu mupaka chini. Mu mwaka 1967 wachunguzi wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, waliandika kwamba mutu anapata nguvu zaidi wakati urefu kutoka pedali ya chini mupaka juu ya kiti ni urefu wa muguu mara 1,09. Muguu wa santimetre 80 unaomba kama santimetre 87. Ni kipimo cha kuanzia tu. Ku njia mbaya, pamoja na muzigo, unaweza kushusha kiti santimetre moja ao mbili.

Lakini usikishushe mupaka magoti yapige kifua! Wengi wanafanya hivyo sababu wanataka nyayo zote mbili ziguse udongo wakati wameketi. Wanajisikia salama, na kisha miezi kidogo wanaleta maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka ule mufupa mudogo wa muviringo. Kwa kawaida, kiti kikiwa chini sana, maumivu yanakuja mbele. Kikiwa juu sana, yanakuja nyuma. Na ukikipandisha, angalia alama iliyochorwa ku chuma cha kiti: isionekane inje. Chuma kilichobakiza kipande kifupi mu kadre kinavunjika, na mutu yuko juu yake.

Kiti chenyewe kilale sawasawa, kama meza. Pua yake ikitazama juu, inakandamiza mishipa kati ya miguu na sehemu zile zinakufa ganzi. Wanaume wanaficha jambo hili kwa haya. Wasifiche; mara mingi ufunguo wa fundi unaliponyesha kwa dakika tano.

Usukani nao una kipimo. Ukiushika, viwiko vinapaswa kukunjwa kidogo na shingo isilazimishwe. Ukiwa mbali sana, mugongo unauma, na kidole kidogo pamoja na mwenzake wa karibu vinakufa ganzi, sababu uzito wote umekaa ku viganja. Zile kinga za mbio zenye usukani uliopinda chini, zinazofika zikiwa zimetumika Ulaya, zinamunyoosha mutu zaidi; uangalifu uwe mara mbili.

Mama anayebeba mutoto mugongoni ao anayevaa kitenge atafute kadre isiyokuwa na chuma cha juu, ili apande na kushuka bila kutupa muguu nyuma. Watu wasimucheke kama ni mwanaume anayeichagua. Muzee mwenye nyonga ngumu anaihitaji vilevile.

Na sisi wa kazi ya afya tuseme kosa letu. Nimeona kinga za watumishi wa chanjo zikigawanywa kwa kufuata liste ya majina: wa kwanza anapata ya kwanza. Mwenye miguu mifupi anapewa ndefu, anafunga sanduku la chanjo nyuma, na anaanguka ku kilima cha kwanza. Ingekuwa rahisi kuwaita wote ku kiwanja, kila mumoja asimame juu ya kinga, kisha kuandika majina.

Kama umekwisha kununua kinga kubwa, usiongeze mito juu ya kiti, inakuinua zaidi. Tafuta mutu murefu mwenye kadre ndogo. Wako wengi, wanaendesha na magoti ku mbavu. Yule bwana wa mafuta alimupata wake ku soko lile lile. Walibadilishana kadre kwa fundi, na kila mumoja alibakia na magurudumu yake.

Kisha kurekebisha, ngojea wiki mbili tatu. Lakini goti linalovimba ao kuwa na moto, na ganzi isiyoondoka hata ukipumuzika, usivingojee: kuja ku hospitali. Mukojo wenye damu vilevile. Usiseme ni kiti, inaweza kuwa bilarzia. Na ukija, kuja na kinga yako, tuione.