Hali ya Mto Imo Kwenye Tope Lake

Chota maji pale mto unapoingia baharini, uyapeleke maabara, nawe utaambiwa hali ya saa ile uliyochota, basi. Maji yakijaa, chumvi hupanda na uchafu husukumwa juu ya mto. Yakipwa, huvutwa kwenda baharini. Kiwanda kinachofungulia taka usiku huonekana kisafi asubuhi. Lakini minyoo, chaza na kaa wadogo walio ndani ya tope hawana pa kukimbilia. Wengi huishi papo hapo kwa miezi, hata miaka, na kila kinachopita juu yao huwagusa. Kwa hiyo anayetaka kujua afya ya mlango wa mto na aanze nao.

Kazi yenyewe ni ya kuchafuka mikono. Chombo cha chuma chenye taya mbili hushushwa kwa kamba na kung'ata tope, ambalo huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 1. Wanyama wanaobaki hutambuliwa na kuhesabiwa mmoja mmoja. Mwaka 1978 watafiti Pearson na Rosenberg walieleza kinachotokea taka zinazooza zikizidi. Bakteria humaliza oksijeni, wachimbaji wakubwa wa mashimo hutoweka, na nafasi yao hushikwa na minyoo wadogo wanaozaana upesi, kama Capitella capitata. Wingi, basi, hudanganya: tope lililojaa maelfu ya minyoo wa aina moja ni gonjwa. Mwaka 2000 Ángel Borja na wenzake, wa Nchi ya Basque huko Uhispania, waliwagawa wanyama hao katika makundi 5 kwa kadiri wanavyostahimili uchafu, wakapata kipimo cha AMBI: karibu na 0 pana afya, karibu na 6 pameharibika.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Mlango wa mto ni mahali pagumu hata bila mkono wa binadamu: chumvi hupanda na kushuka kila siku, na tope lenyewe lina oksijeni haba. Wanaomudu kuishi hapo ni wale wale wavumilivu, kwa hiyo kipimo kinaweza kuuita mchafu mto ulio salama. Ni kweli, ukiulinganisha na bahari ya wazi. Ulinganishe na sehemu nyingine yenye chumvi na tope la namna ile ile, au na wenyewe ulivyokuwa miaka ya nyuma. Katika mto Nervión, mjini Bilbao, huko huko Nchi ya Basque, viwanda na majitaka viliufanya mkondo wa ndani ukose oksijeni, na chini yake pakawa hapana mnyama. Mpango wa kusafisha majitaka ulipofanya kazi na viwanda vikubwa vikafungwa, wanyama walirejea hatua kwa hatua. Chumvi haikuacha kupanda na kushuka. Kilichopungua ni taka.

Ila wanyama hao hawatakuambia ni kipi kilichosaidia zaidi, mitambo ya kusafisha majitaka au kufungwa kwa viwanda. Wala kurejea kwao si hati kwamba metali nzito zimekwisha. Hizo hubaki zimefukiwa kwenye tope, na mtu akilichimbua ili kuongeza kina cha njia ya meli zinaweza kutibuka upya. Hapo ndipo maabara inapohitajika.