Adabu na Daftari: Nasaha kwa Mwenye Safari ya Biashara Bara Hindi

Watu wa Pwani na watu wa Bara Hindi wamejuana tangu enzi za majahazi. Kaskazi ilileta nguo na shanga za Gujarat, na kusi ikavirejesha vyombo vikiwa na pembe za ndovu. Ndiyo maana lugha yetu ya biashara imejaa maneno yenye asili ya huko: bepari, bima, hundi, laki. Hata fedha iliyotumika Kenya hadi mwaka 1920 ilikuwa rupia.

Leo safari hiyo ni ya ndege, na miongoni mwa wasafiri wamo mama na dada zetu wanaokwenda Surat, Mumbai au Delhi kutafuta vitambaa vya madira, mitandio na nguo za harusi. Mara nyingi fedha wanazochukua si zao peke yao. Zimo za chama, zimo akiba za mume, zimo za shangazi aliyeuza dhahabu yake. Hiyo ni amana. Nayo yaweza kupotea bila ya kuwapo mwizi, kwa sababu tu wawili waliokaa kuzungumza hawakufahamiana. Basi mwenye kusafiri achukue vitu viwili: adabu ya kumfungulia mlango, na daftari la kumlindia mali.

Kabla ya kuondoka

Omba visa ya biashara, si ya utalii, na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani msafiri atokaye Kenya huulizwa. Tazama pia kalenda. Tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba ni sikukuu za taifa zima. Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Wafanyabiashara wengi wa Gujarat hufungua vitabu vipya vya hesabu wakati huo, na masoko yao huweza kufungwa kwa siku kadhaa. Atakayefika siku hizo atalipa hoteli bila ya kununua kitu.

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Mombasa ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa tano na nusu. Wakati wa kuagana miadi, andika saa kwa tarakimu za kimataifa, maana hesabu yetu ya saa ya Kiswahili hawaijui.

Salamu bila ya kupeana mkono

Mwanamke wa Kiislamu asiyepeana mkono na mwanamume asiye maharimu wake hatapata taabu. Wahindi wengi, hasa wazee, nao hawana desturi ya kumpa mwanamke mkono. Mwenyeji atakunja viganja vyake mbele ya kifua. Nawe weka mkono wako kifuani, inamisha kichwa kidogo na utabasamu. Heshima imetimia.

Usidhani kila Mhindi ni Baniani. Huenda utakutana na Waislamu wa jamaa za Bohora na Memoni, Majaini, Makalasinga na Wakristo. Zama za wafalme wa Mughal, Surat ndiyo iliyokuwa bandari ya mahujaji wa Bara Hindi waendao Makka. Sikiliza jina na salamu ya mwenyeji kabla ya kukisia dini yake. Katika Gujarat, mwanamume huitwa kwa jina lake likifuatwa na “bhai”, na mwanamke “ben”, yaani kaka na dada. Kwa wanaozungumza Kihindi, “ji” baada ya jina ni neno la heshima.

Ukisafiri na mume au nduguyo, mwenye duka huenda akamwelekea yeye peke yake. Usikasirike. Tangu mwanzo sema kwa upole: “Huyu ni ndugu yangu, mnunuzi ni mimi.” Kwa maneno hayo machache kila mtu atajua mwenye mfuko ni nani.

Ndani ya duka

Maduka mengi ya vitambaa ya kienyeji yametandikwa magodoro yenye shuka nyeupe. Vua viatu, kaa, na usielekeze nyayo kwa mtu. Pokea na toa vitu kwa mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa sisi nyumbani. Kijana anayejua Kiingereza ndiye atakayezungumza nawe, lakini mzee aliyeketi pembeni ndiye mwenye kauli ya mwisho. Msalimie yeye kwanza.

Chai italetwa, na utaulizwa habari za watoto na wazazi. Huo si upotezaji wa wakati. Mwenyeji anakupima kama u mtu wa kurudi tena. Bei huja baadaye, nayo hupunguzwa kwa subira na ucheshi. Lakini usimshikilie mtu kwa saa nzima, akakushushia kila jora lililo kwenye rafu, na hali huna nia ya kununua.

Epuka mazungumzo ya siasa, ya Kashmir na ya Pakistani. Kama ungependa kupeleka zawadi, korosho zetu za Pwani zitapokewa kwa furaha. Mkoba wa ngozi ya ng'ombe hautafaa kwa Baniani. Usishangae zawadi ikiwekwa kando bila ya kufunguliwa mbele yako. Hiyo ni adabu yao.

Chakula na sala

Majaini na Mabaniani wengi wa Gujarat hawali nyama kabisa, na pombe imepigwa marufuku katika jimbo hilo. Kwa hiyo meza ya mwenyeji wako huenda ikakupa utulivu kuliko ulivyotarajia. Bidhaa za pakiti zisizo na nyama huwekwa alama ya duara la kijani ndani ya mraba. Mumbai, mtaa wa Mohammed Ali Road una misikiti na mikahawa ya halali.

Sisi hula sinia moja, na kumkatia mgeni kipande ni ukarimu. Kwao, chakula kilichokwisha kuonjwa hakipewi mwingine, wala chupa haitiwi mdomoni ikapokezanwa. Ukiletewa kitamutamu kilichotoka katika ibada yao nawe hutaki kukila, weka mkono kifuani na ushukuru, huhitaji kuhutubia. Na kuhusu sala, sema mapema: “Adhuhuri nahitaji nusu saa na mahali safi.” Mfanyabiashara anayekuheshimu atakutafutia nafasi.

“Ndiyo” isiyo ndiyo

Hapa ndipo mali nyingi hupotea. Mhindi akitikisa kichwa upande kwa upande, sisi hudhani anakataa. Huenda anakubali, au anaonyesha tu kwamba amesikia. Tena wengi huona haya kumwambia mgeni “hapana”. Utaambiwa “tutajaribu” au “hakuna shida”, nawe utarudi Mombasa ukiamini mzigo umo njiani.

Dawa yake ni namna ya kuuliza. Usiulize, “Mzigo utatoka Ijumaa?” maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza, “Mzigo utatoka siku gani? Sasa umefikia wapi? Nani ataupeleka bandarini?” Swali linalodai maelezo halijibiki kwa heshima tupu.

Daftari

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika, basi, si kumshuku mwenzio. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ankara itaje aina ya kitambaa, rangi, idadi, kipimo kama ni mita au yadi, tarehe ya kutoka mzigo, na kama bei imejumlisha kodi yao ya GST. Chukua kipande cha kitambaa mlichokubaliana na mkitie sahihi nyote wawili. Tazama tarakimu vizuri: laki moja wao huiandika 1,00,000, na “crore” ni laki mia, yaani milioni kumi. Soma sharti la kuchelewa kulipa. Likiwa na nyongeza ya riba, omba liondolewe kabla ya kutia sahihi. Lipa sehemu ya fedha, na salio lingoje hadi mzigo ukaguliwe na mtu wako.

Wenye chama wakikuuliza habari za amana yao, uwe na karatasi za kuwaonyesha, si maneno matupu. Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama, na chumo la halali lenye baraka. Amin.