Mkoba wa Ngozi na Hesabu ya Hewa ya Ukaa

Mwezi Septemba 2019 kampuni ya Gucci ya Italia, ijulikanayo duniani kwa mikoba, viatu na mavazi ya anasa, ilitangaza kwamba shughuli zake zote, tangu malighafi hadi dukani, hazingeongeza tena hewa ya ukaa angani. Haikudai kwamba imeacha kuitoa hewa hiyo. Ilidai kwamba imepima kiasi inachotoa, imepunguza kilichowezekana, na kilichosalia imekifidia kwa kugharimia hifadhi ya misitu katika nchi nyingine, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka 2023 dai hilo liliondolewa katika tovuti ya kampuni.

Je, udhaifu wa dai hili ulikuwa katika kupima au katika kufidia? Ili kujibu swali hili yatupasa kuzichunguza hatua hizo mbili, kila moja peke yake.

Jinsi ya kupima

Hakuna mtu asimamaye juu ya dohani la kila kiwanda akiwa na chombo cha kupimia. Kinachofanyika ni hesabu ya kuzidisha: kiasi cha shughuli huzidishwa kwa kiasi cha gesi itokanayo na kipimo kimoja cha shughuli hiyo. Kwa mfano, lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Mwanafunzi asistaajabu kuona kwamba gesi ina uzito mkubwa kuliko mafuta yenyewe. Atomu moja ya kaboni, yenye uzito wa 12, huungana na atomu mbili za oksijeni ya hewani, zenye uzito wa 32, na jumla huwa 44.

Gesi nyingine hubadilishwa kwanza ziwe sawa na hewa ya ukaa. Kilo moja ya methane, katika muda wa miaka 100, huongeza joto la dunia kama kilo 28 hivi za hewa ya ukaa. Tuseme ng'ombe mmoja hutoa kilo 50 za methane kwa mwaka. Basi 50 × 28 = 1,400, yaani ni sawa na kilo 1,400 za hewa ya ukaa.

Utaratibu ufuatwao na makampuni mengi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, hugawa hesabu katika mafungu matatu. La kwanza ni gesi itokayo katika mitambo na magari ya kampuni yenyewe. La pili ni ile itokanayo na umeme ulionunuliwa. La tatu ni yote yaliyosalia: mfugaji, kiwanda cha kulainisha ngozi, msafirishaji, hata mteja.

Kwa wauzaji wa bidhaa za ngozi, mzigo mkubwa umo katika fungu la tatu. Mwaka 2011 kampuni ya Puma, ambayo wakati huo ilikuwa katika kundi moja na Gucci, ilithamini kwa fedha madhara yake kwa mazingira katika mwaka 2010. Jumla ilikuwa euro milioni 145, zikiwemo gharama za gesi, maji, ardhi na taka. Ofisi, maduka na maghala yake yalichangia asilimia 6 tu, ilhali uzalishaji wa malighafi, kama ngozi, pamba na mpira, ulichangia asilimia 57.

Hapa pana ugumu. Ng'ombe hafugwi kwa ajili ya ngozi peke yake. Tuseme ngozi ni asilimia 7 ya uzito wake, lakini ni asilimia 3 tu ya thamani yake sokoni. Tukigawa zile kilo 1,400 kwa uzito, ngozi itabeba kilo 98. Tukigawa kwa thamani, itabeba kilo 42. Njia zote mbili zina hoja. Hata hivyo, hesabu ya namna hii yaweza kukaguliwa, mradi mhesabuji aeleze wazi njia aliyoitumia.

Jinsi ya kufidia

Msitu ni ghala la kaboni. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo hurudi angani. Kwa hiyo mradi wa kuhifadhi msitu huweza kupewa vyeti vya kuuza, kila cheti kikiwakilisha tani moja ya hewa ya ukaa ambayo haikutolewa. Mfano ulio karibu nasi ni Kasigau, kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi nchini Kenya. Mwaka 2011 mradi huo ulitangulia miradi yote ya aina yake duniani kupata vyeti chini ya kanuni za kimataifa. Mapato yake yamelipia walinzi wa msitu na karo za wanafunzi.

Lakini tani ambayo haikutolewa haiwezi kuwekwa kwenye mizani. Ni lazima kukisia yale ambayo yangetokea kama mradi usingekuwapo. Tuseme mradi unakadiria kwamba hekta 500 zingekatwa kila mwaka, na kwa kweli zimekatwa 100. Utaomba vyeti vya hekta 400. Sasa tuseme katika eneo jirani linalofanana nalo, lisilo na mradi, zimekatwa hekta 150 tu. Basi msitu uliookolewa ni hekta 50, na vyeti vimezidi mara nane.

Mashaka haya si ya nadharia tu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa miradi 26 katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Ilionekana kwamba mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha kutambulika, na iliyopunguza haikufikia kiasi ilichodai. Watetezi wa miradi wamepinga njia ya ulinganisho iliyotumiwa, na mjadala unaendelea. Tena, wakataji waliozuiwa hapa huweza kuhamia kwingine, na msitu uliohifadhiwa leo huweza kuungua kesho, ilhali sehemu ya hewa ya ukaa itokanayo na mafuta hubaki angani kwa maelfu ya miaka.

Hitimisho

Kwa hiyo udhaifu mkubwa ulikuwa katika kutoa, yaani kuchukua idadi iliyohesabiwa, kuiondolea idadi iliyokisiwa, kisha kutangaza kwamba jibu ni sifuri kamili. Mwezi Machi 2023 Kering, kundi linalomiliki Gucci, lilijiwekea lengo la kupunguza gesi zake kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2035, kutoka kiwango cha mwaka 2021. Upungufu huo waweza kukaguliwa mwaka hadi mwaka.

Haifuati kwamba misitu haistahili kugharimiwa. Wanavijiji wanaoilinda wanastahili malipo ya kazi yao, na malipo hayo yatakuwa imara zaidi yakijengwa juu ya hesabu ya kweli.

Mwalimu aweza kuanza na jenereta ya shule. Wanafunzi waandike lita za dizeli zinazotumika kwa muhula mmoja, wazidishe kwa 2.7, kisha wajadiliane: ni kiasi gani kinaweza kupunguzwa, na ni nani atakayethibitisha?