Msamaha wa Mlalamikaji Haufuti Kifungo cha Nje

"Kifungo cha nje" ni jina la mtaani la amri tatu tofauti: kuachiwa kwa masharti chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa muda usiozidi miezi 12; uangalizi wa afisa, usiozidi miaka 3; na kazi zisizo na malipo chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Katika zote, kosa la awali linabaki hai. Mvunja masharti hurudishwa mahakamani, na hakimu anaweza kumpa adhabu ambayo angeweza kumpa siku ya kwanza, jela ikiwemo.

Swali lisilokwisha, kuanzia Litembo wilayani Mbinga hadi Mbamba Bay wilayani Nyasa, ni hili: tuseme mwenye kahawa iliyoibwa amesamehe, fidia imelipwa mbele ya wazee, karatasi imegongwa muhuri wa kijiji, kuripoti kwa afisa kunatakiwa tena kwa nini? Kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mlalamikaji ni shahidi tu. Hawezi kufuta amri asiyoitoa. Sheria imeupa upatanisho nafasi yake: kabla ya hukumu, kwa makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida, na mbele ya hakimu. Hukumu ikishatoka, muhuri wa mtendaji wa kijiji hauondoi hata siku moja ya uangalizi. Fidia ni jambo jema, na hakimu anaweza kuizingatia, lakini haigeuki kuwa hukumu mpya. Karatasi hizo za msamaha zinaponza watu. Mtu huacha kuripoti kwa moyo mweupe, hushuka ziwani kuvua dagaa bila kumwambia afisa, kisha hati ya kukamatwa humfuata huko huko. Kuvuka mpaka wa wilaya hakusaidii: Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga. Amri ya mahakama haikumegwa nayo.

Anayetaka kuhama amwone afisa kwanza, ili mahakama ibadili amri. Aliyelazwa akashindwa kuripoti atunze cheti cha hospitali. Aliyepata wito wa mahakama aende, tena mapema, na maelezo yake mkononi. Asiye na wakili atafute watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa kwa sheria ya 2017. Asiyeridhika na adhabu ya Mahakama ya Wilaya hutoa taarifa ya rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa yake Mahakama Kuu ndani ya siku 45.