Chembe ndogo kuliko vumbi: Je, zinaweza kuboresha vidonge vya aleji?

Msimu wa kupukuchua mahindi ukifika Mbozi na Momba, vumbi hutanda na chafya huanza. Mjini Tunduma linaongezeka vumbi na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Wenye mzio, au aleji, hukimbilia duka la dawa, na wengi hutoka na klorofeniramini, inayojulikana zaidi kama Piriton.

Dawa hiyo hupunguza chafya na muwasho, lakini huingia hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi. Kwa dereva wa lori au wa bodaboda, usingizi huo ni hatari. Dawa za baadaye, kama loratadini, hazisinzishi kiasi hicho. Shida yake ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji, na dawa isiyoyeyuka tumboni haiwezi kuingia kwenye damu.

Hapo ndipo watafiti wanapojaribu chembe za nano. Ukigawa milimita moja vipande milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe hizi huwa chini ya 1,000.

Udogo unasaidia nini? Chukua chumvi ya mawe na chumvi laini, uzito uleule, utie kwenye maji. Laini huyeyuka kwanza, kwa sababu maji yanaigusa sehemu nyingi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa dawa. Njia nyingine ni kuifunga dawa ndani ya chembe za mafuta, au za kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Kitosani hunata kwenye ute wa utumbo, hivyo dawa hupata muda wa kufyonzwa.

Teknolojia hii ipo tayari. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha kidonge cha sirolimusi cha chembe za nano, kwa waliopandikizwa figo. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer nayo hubebwa na chembe za mafuta za nano. Kwa dawa za aleji, kazi kubwa bado iko maabara: lazima usalama uthibitishwe, na bei iwe ya kumudu. Kwa hiyo, mtu akikuuzia “nano ya aleji” mpakani, uliza kwanza kama imesajiliwa na TMDA.

Je, usage kidonge nyumbani? Hapana. Kinu hakifikii udogo huo, na vidonge vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole. Meza kwa maji. Feksofenadini, kwa mfano, hufyonzwa kidogo ukiimeza na juisi ya machungwa. Ukipewa dawa inayosinzisha, usiendeshe chombo.

Na mtu akivimba uso au koo, au akipumua kwa shida, msisubiri kidonge kifanye kazi. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Anahitaji sindano ya adrenalini.