Kulumbana kwa Saksafoni Mbili: Rekodi za Wapiga Tenori Wawili katika Jazi ya Hadibopu na Ufafanuzi Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Rekodi ambamo wapiga saksafoni ya tenori wawili hukutana katika kikundi kimoja zilishamiri katika jazi ya Marekani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wauzaji wa rekodi na wakosoaji wamezoea kuziita vita. Makala haya yanadai kwamba jina hilo humpotosha msikilizaji, kwa kuwa humfanya atafute mshindi ilhali muziki wenyewe umejengwa juu ya kujibizana. Dhana ya malumbano katika ushairi wa Kiswahili, ambapo anayejibu hufuata umbo la aliyetangulia, inazieleza rekodi hizo kwa usahihi zaidi. Mifano inatokana na rekodi za kati ya 1947 na 1961, na msikilizaji anayekusudiwa ni mzungumzaji wa Kiswahili wa Gatsata, Kigali.

1.0 Utangulizi

Gatsata ni sekta ya Wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa Jiji la Kigali, karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Inajulikana kwa gereji zake. Katika kazi ya gereji, sikio ni chombo sawa na spana. Magari mawili ya aina moja huweza kuegeshwa sambamba, na fundi mzoefu, kabla ya kufungua boneti, akajua kwa kusikiliza tu ni lipi linalogonga na ni lipi lisilovuta. Injini ni za muundo mmoja, lakini sauti ni mbili.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazotumika katika mazingira hayo, sambamba na Kinyarwanda. Tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haistahili kuachiwa kazi za stendi, gereji na mpakani pekee. Inapaswa pia kuweza kueleza sanaa, ikiwemo sanaa iliyozaliwa mbali nayo. Swali la makala haya ni hili: msikilizaji wa Gatsata aliyewekewa rekodi ya saksafoni mbili za aina moja aambiwe kwa Kiswahili asikilize nini?

2.0 Suala la istilahi

Ugumu wa kwanza ni wa jina la ala. Saksafoni ya sauti ya kati, iliyo chini ya alto na juu ya baritoni, ingeweza kuandikwa "saksafoni tena" kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Umbo hilo linagongana na kielezi "tena", na sentensi kama "alipiga tena" ingekuwa na maana mbili. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia "tenori". Mkondo wa jazi uliofuata bibopu, ukairudishia nguvu ya bluzi na ya nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi, unaitwa hapa "hadibopu", neno moja lisilotenganishwa, ili silabi zake mbili za mwanzo zisisomwe kama kihusishi "hadi".

Istilahi mbili zaidi zinahitajika. "Kipimo" ni kipande kidogo cha muda wa muziki, kwa kawaida chenye mapigo manne. Neno "mizani" limeepukwa kwa kuwa katika ushairi tayari linataja idadi ya silabi. "Mzunguko" ni umbo zima la wimbo linalorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho wakati mpigaji anapobuni. Mzunguko wa bluzi huwa na vipimo 12, na wa nyimbo nyingi za dansi za Marekani huwa na vipimo 32.

3.0 Rekodi zenyewe

Mfano uliotangulia hadibopu ni "The Chase", iliyorekodiwa Juni 1947 kwa ajili ya kampuni ya Dial huko California. Dexter Gordon na Wardell Gray wanapokezana mizunguko mizima, kisha sehemu za mizunguko, na zamu zinazidi kufupishwa kadiri wimbo unavyosonga. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo wimbo uligawanywa katika pande mbili. Ujio wa santuri ndefu mwaka 1948 uliondoa kikwazo hicho. Wapigaji sasa waliweza kujibizana kwa dakika kumi au zaidi bila kukatishwa.

Kampuni ndogo kama Prestige na Blue Note zilinufaika na nafasi hiyo. Nyingi za rekodi zao zilifanywa na Rudy Van Gelder, ambaye hadi 1959 alirekodi katika sebule ya nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Kwa kutumia bluzi au nyimbo zilizojulikana na wote, wanamuziki waliweza kukutana na kurekodi bila mazoezi marefu. Hapo ndipo, tarehe 24 Mei 1956, Sonny Rollins na John Coltrane walipopiga "Tenor Madness", bluzi ya zaidi ya dakika 12. Rollins alikuwa na miaka 25 na Coltrane 29. Wimbo huo ndio rekodi pekee inayojulikana ambamo wawili hao wanasikika pamoja.

Mwaka 1957 ulitoa mifano miwili yenye asili tofauti. Mwezi Machi, Clifford Jordan na John Gilmore walirekodi "Blowing In from Chicago" kwa Blue Note. Wote wawili walizaliwa 1931 na walisoma katika shule moja, DuSable ya Chicago, chini ya mwalimu mmoja wa muziki, Walter Dyett, aliyewafundisha pia Gene Ammons na Johnny Griffin. Mwezi Desemba, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie aliwakutanisha Sonny Stitt na Sonny Rollins katika "Sonny Side Up". Wimbo wake "The Eternal Triangle" una mizunguko ya vipimo 32 kwa mwendo wa kasi sana.

Waliouendeleza mtindo huu kama kazi ya kila usiku ni Eddie "Lockjaw" Davis na Johnny Griffin. Kikundi chao cha watu watano kilianza 1960 na kudumu hadi 1962. Januari 1961 walirekodiwa mbele ya hadhira katika klabu ya Minton's, Harlem. Davis ana sauti nene yenye mkwaruzo, na hukata kauli zake ghafla. Griffin hummiminia noti kwa kasi, kama mtu mwenye mengi ya kusema na muda mchache.

4.0 Kwa nini si vita

Jina "vita" lina sababu zake. Katika klabu za usiku, kumzidi mwenzio mbele ya watu kuliweza kumpatia mpigaji jina na kazi. Majina ya rekodi kama "Tough Tenors" ya Davis na Griffin yaliuza picha ya wababe. Hakuna haja ya kukana ushindani huo.

Hata hivyo, mwenye kutafuta mshindi hukosa kusikia mambo matatu. La kwanza ni kwamba wapigaji wanatumia ala moja kwa makusudi. Tarumbeta ikijibiwa na saksafoni, tofauti ya sauti hutolewa na ala zenyewe. Tenori ikijibiwa na tenori, tofauti yote hutoka kwa mtu: pumzi yake, ulimi wake, namna anavyochelewa au kuwahi pigo. Hali hii ni ileile ya injini mbili za muundo mmoja. Katika "Tenor Madness", sauti ya Coltrane ni kali na iliyokazwa, ilhali ya Rollins ni pana na hucheza na mdundo kwa utulivu. Ufanani wa ala ndio unaozifanya nafsi mbili zisikike.

La pili ni kwamba kila mpigaji amefungwa na mzunguko uleule. Hawezi kubadili idadi ya vipimo kwa kuwa mwenzake amemwelemea. La tatu ni kwamba, wanapopokezana vipimo vinne vinne, anayenyamaza hana pumziko. Ana sekunde chache za kusikia kauli ya mwenzake, kuamua kama ataiendeleza, ataigeuza au ataikataa, kisha kuingia bila kupoteza pigo. Asiyesikiliza hawezi kujibu. Ataishia kusema lake tu. Kwa hiyo uhodari unaopimwa ni wa sikio kwanza, na wa vidole baadaye.

5.0 Malumbano kama dhana ya ufafanuzi

Kiswahili kina dhana inayobeba mambo hayo matatu kwa pamoja. Katika mashairi ya kujibizana, mshairi anayejibu aghalabu hufuata bahari ya aliyetangulia. Ikiwa shairi la kwanza ni la mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja, jibu nalo huja hivyo, na mara nyingi hurudisha hata vina vilevile. Umbo moja kwa washairi wawili huondoa kisingizio, kama ala moja inavyofanya kwa wapigaji wawili.

Mfano ulio maarufu zaidi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840). Baadhi ya tungo zake zilitokana na uhasama halisi wa kisiasa kati ya Mombasa ya Wamazrui kwa upande mmoja, na Lamu na Sultani Seyyid Said kwa upande mwingine. Katika mazingira hayo palikuwa na silaha na damu, lakini utungo ulibaki na sheria zake: mpinzani alijibiwa kwa vina na mizani. Katika karne ya 20, gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kujibizana wakiwa mbalimbali.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. "Mlumbi" ni msemaji hodari, na "ulumbi" ni ufundi wa kusema. Kwa msingi huo, kulumbana ni kufanyiana ufundi huo. Katika habari za siasa za leo, "malumbano" yamepungua hadi kumaanisha kutupiana maneno. Kilichoondoka katika maana hiyo ni sharti la kuchukua kipimo cha mwenzio kabla ya kumjibu. Upungufu huo unafanana na ule unaosababishwa na neno "vita" katika jazi: ushindani unabaki, na usikivu unapotea.

Mlinganisho huu una mipaka. Mshairi wa gazetini hupata siku au wiki za kuandaa jibu. Mpigaji hapati hata pumzi mbili. Tena, shairi hukanusha hoja kwa maneno, ilhali saksafoni haina hoja ya kukanusha. Inachoweza kufanya ni kuchukua kauli ya mwenzake na kuonyesha kwamba haikuishia pale alipoiachia.

6.0 Sikio lililolelewa na rumba

Msikilizaji wa Kigali haingii katika rekodi hizi na sikio tupu. Rumba ya Kongo imemzoesha saksafoni kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1960, bendi ya OK Jazz ya Franco ilikuwa na wapiga saksafoni mahiri, miongoni mwao Isaac Musekiwa, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini, na Georges Kiamuangana "Verckys", aliyejitoa 1969 na kuunda bendi yake, Vévé. Katika muziki huo, saksafoni zikiwa pamoja kwa kawaida hutamka kauli moja nyuma au baada ya waimbaji, na majibizano makali huachiwa magitaa katika sebene. Ni vyema basi kumwambia msikilizaji mapema kwamba katika hadibopu kazi ya yale magitaa imehamia kwenye saksafoni. Akishajua hivyo, sikio lililozoea kufuatilia magitaa yanayoitikiana litakuwa tayari limefanya nusu ya kazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rekodi za wapiga tenori wawili hueleweka vizuri zaidi zikisikilizwa kama malumbano katika maana yake kamili, yaani ushindani unaotii umbo moja na kuanza kwa kusikiliza. Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za muziki katika Kiswahili zisiundwe kwa kutohoa pekee. Zitafutwe pia katika hazina ya ushairi, ambako dhana nyingi tayari zina majina. Pili, walimu wa Kiswahili nchini Rwanda wanaofundisha mashairi ya kujibizana wanaweza kuanza na "Tenor Madness", kwa kuwauliza wanafunzi ni wapi sauti inabadilika na nini kimechukuliwa kutoka kwa aliyetangulia. Mwanafunzi wa Gatsata anayeishi jirani na mafundi wanaotambua gari kwa mngurumo ana sababu ya kulijaribu swali hilo bila woga.